Sumu au Kivuli? Mjadala wa Sianobakteria na Mwani wa Ziwa Victoria

Hoja iliyo mezani ni hii: kemikali zinazotolewa na sianobakteria ndizo zinazozuia mwani mwingine kukua katika Ziwa Victoria. Wasemaji wanne ni wa kubuni, na nimewaketisha Mwanza kwa sababu pale utando wa kijani huja wenyewe mpaka ufukweni. Hoja zao si za kubuni. Wanasayansi wamezibishania maabara na kando ya maziwa ya mabara kadhaa kwa karibu miaka hamsini. Nina upande ninaouegemea, nami nitausema wakati wake ukifika.

Anayetetea hoja ni mkemia, mwanamke ambaye kazi yake ni kutenga kemikali kutoka kwenye seli ndogo mno. Anayepinga ni mwanaikolojia mstaafu aliyelisoma ziwa hili tangu ujana wake. Pamoja nao wapo mvuvi wa dagaa na mama anayesimamia mtambo wa kusafisha maji ya kunywa.

MVUVI: Kabla hamjaingia kwenye majina yenu magumu, niwaambie tunachokiona sisi. Upepo ukikata siku mbili tatu, asubuhi unakuta maji yamegeuka kijani kizito. Kinaganda kwenye nyavu, na harufu yake inabaki mikononi hata ukinawa kwa sabuni. Wazee walionifundisha kazi walichota maji ya ziwa wakanywa wakiwa ndani ya mtumbwi. Mimi sithubutu. Sasa nataka kujua: mwani uliokuwapo zamani umeuawa na huu wa sasa, au umeisha wenyewe?

MKEMIA: Shikamoo, mzee wangu.

MVUVI: Marahaba, binti yangu.

MKEMIA: Umeuliza swali lenyewe. Huo utando ni sianobakteria, hasa Microcystis na Dolichospermum. Ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ingawa vitabu vya zamani viliwaita mwani wa kijani-bluu. Wanakaa maji yale yale na aina za mwani kama diatomu na mwani wa kijani, wanagombea mwanga na fosforasi. Wanachowazidi wenzao ni wingi wa kemikali wanazotoa, na baadhi ya kemikali hizo hugonga pale pale ambapo uhai wa mwani umeshikilia. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walitangaza kemikali waliyoitenga kutoka kwa Scytonema hofmanni, wakaiita sianobakterini. Hukata mtiririko wa elektroni mwanzoni kabisa mwa usanisinuru. Seli ya mwani inabaki na klorofili yake yote, iko juani, na mwanga ule hauifai kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikapatikana fisherelini, kutoka kwa Fischerella muscicola, nayo inapiga mahali hapo hapo. Vitu viwili tofauti kabisa kwa umbo, kutoka kwa viumbe viwili tofauti, na shabaha ni moja. Mimi siamini kwamba hiyo ni bahati tu.

MWANAIKOLOJIA: Sikatai hata neno moja, Dakta. Lakini tazama umetaja viumbe gani. Scytonema na Fischerella ni wa kushikamana na mawe, udongo na matope. Pale jirani amebanana na jirani, na kemikali ikitoka kwa huyu inamfikia yule kabla haijaenda popote. Microcystis wetu wanaelea. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mawimbi yanalikoroga usiku na mchana. Kiasi ambacho seli moja inaweza kutoa kinapotea humo kabla ya kumfikia yeyote. Nionyeshe kemikali inayozuia diatomu kwa kiwango kinachopatikana ziwani kweli, usinionyeshe ya maabara ambako mtafiti amemwaga kadiri alivyotaka.

Hilo ndilo pingamizi zito kuliko yote katika mjadala huu, na halijapata jibu moja la kufunga mdomo. Majaribio mengi yaliyoripoti kwamba kemikali za sianobakteria zinadumaza mwani yalitumia vipimo vinavyozidi kwa mbali vile vya ziwani. Ukitaka, unaweza kudumaza mwani hata kwa chumvi ya jikoni. Lakini kipimo cha wastani cha ziwa zima nacho kinadanganya. Microcystis hawaelei mmoja mmoja. Wanaishi katika makundi yaliyozungukwa na ute, na upepo ukitulia makundi hayo hupanda juu na kusongamana. Maji yaliyo ndani ya utando ule si maji ya katikati ya ziwa, na diatomu iliyonaswa humo haiishi katika wastani.

MKEMIA: Nitakupa ya ziwani, Profesa. Kathleen Keating alifuatilia bwawa la Linsley huko Connecticut, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 1977 na 1978. Aliona kwamba wingi wa diatomu uliendana kinyume na wingi wa sianobakteria waliotangulia: wakitangulia wengi, diatomu zinazofuata huwa chache. Kisha akachuja maji aliyowakuzia sianobakteria, akachuja na maji ya bwawa lenyewe yaliyochotwa wakati wa mlipuko, akayajaribu kwa diatomu zilizotoka bwawa lile lile. Zilidumaa. Hakuna seli hata moja ya sianobakteria iliyokuwa imebaki katika maji yale, kwa hiyo usiniambie habari ya kivuli cha utando.

MWANAIKOLOJIA: Kazi ya Keating naiheshimu, na kila mwanafunzi wangu nilimsomesha. Lakini niliwaambia pia kuhusu mtego uliomo. Chukua chupa mbili. Katika ya kwanza weka maji safi ya kukuzia mwani, yenye virutubisho vyote. Katika ya pili weka maji ambamo Microcystis wamekua wiki mbili, ukishayapitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo kuliko seli yoyote. Tia diatomu idadi sawa, mwanga sawa, joto sawa, halafu hesabu kila siku kwa hadubini. Za chupa ya pili zitazubaa, na mwanafunzi ataandika "sumu" kwa wino mwekundu. Lakini katika wiki mbili hizo Microcystis wamekula fosforasi yote. Wamevuta kaboni dioksidi mpaka pH imepita 9, pengine inakaribia 10. Diatomu zile zina njaa, na anayeziona zimedumaa anaweza kudhani zimelishwa sumu.

MKEMIA: Ndiyo maana maabara makini huirudishia chupa ya pili virutubisho vyote na kurekebisha pH. Huweka na chupa ya tatu, yenye maji ambamo mwani wa kijani umekua kwa muda ule ule, ili kujua kama tatizo ni sianobakteria au ni uchakavu wa maji tu. Ukishafanya hivyo, mara nyingine athari inatoweka, na mimi nasema hivyo waziwazi. Mara nyingine inabaki. Hizo zinazobaki ndizo ninazozitetea.

Naomba msomaji akae kidogo na chupa hiyo ya tatu. Nimesoma makala nyingi za magazeti zinazosema sianobakteria "huwatilia sumu majirani", na sikumbuki hata moja iliyouliza kama maji yaliyotumika yalirudishiwa chakula. Tukitaka kulielewa ziwa linalonywesha na kulisha mamilioni ya watu, swali hilo haliwezi kuachiwa wataalamu peke yao.

FUNDI WA MAJI: Samahani, Dakta. Sisi mtamboni jina tunalolijua ni mikrosistini. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa ya kila siku yasizidi mikrogramu 1 kwa lita. Hiyo ndiyo inayoua mwani?

MKEMIA: Hapana, mama, na nafurahi umeuliza, maana hapo watu wengi wanachanganya mambo mawili. Mikrosistini huharibu ini la binadamu na la mnyama kwa kufunga vimeng'enya fulani ndani ya seli. Seli ya Microcystis ikiwa hai na nzima, sehemu kubwa ya mikrosistini hubaki ndani yake. Humwagika hasa seli inapopasuka. Mwaka 2004 watafiti walioufuatilia ukoo wa jeni zake walionyesha kwamba ni za kale mno, huenda zilikuwapo kabla ya wanyama wanaokula mwani. Kwa hiyo haielekei ilitengenezwa kwa ajili ya kuwakomoa wanyama. Ushahidi mwingine unaonyesha kwamba ndani ya seli hujishika na protini na kuisaidia seli kuhimili mwanga mkali. Kemikali inayotutisha sisi wanywaji si lazima iwe ndiyo inayodumaza diatomu.

MWANAIKOLOJIA: Hapo tunakubaliana kabisa.

MKEMIA: Lakini kudumaza jirani hakuhitaji sumu, Profesa, na hapa ndipo hoja yako ya kipimo inapolegea. Mwaka 1976 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba sianobakteria wakikosa madini ya chuma hutoa siderofori, kemikali zinazokamata chuma kilichomo majini. Kikishakamatwa, mwani mwingine unashindwa kukifikia, na wao wenyewe wanakichukua. Wanaofunga naitrojeni ya hewani wanahitaji chuma kingi kuliko wengine, kwa sababu kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kimejengwa kwa chuma. Hapo sihitaji kipimo cha kuua. Nahitaji kiasi cha kutosha kufunga chuma kilichopo, na maji ambamo chuma ni haba hayadai kingi.

MVUVI: Kumbe mtu anaweza kufa njaa jirani akiwa na ghala.

MKEMIA: Na funguo zote anazo yeye, mzee wangu. Sasa nikupeleke mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa undani kuliko kwingi. Ni Ziwa Kinneret, Israeli, ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kama Bahari ya Galilaya. Ni dogo, kilomita za mraba kama 170 tu. Kwa miaka mingi kila majira ya kuchipua lilitawaliwa na mwani uitwao Peridinium gatunense, seli kubwa yenye mikia miwili ya kuogelea. Microcystis nao walikuwapo, lakini hao wawili hawakuelewana: mmoja akijaa mahali, mwingine alikosekana. Mwaka 2002 watafiti walichapisha walichokikuta. Maji waliyoishi Microcystis, yakichujwa na kumwagiwa Peridinium, hudhoofisha kimeng'enya kinachoisaidia seli kutumia kaboni iliyoyeyuka majini. Kimeng'enya hicho kikizimika, seli inakosa kaboni huku jua linaendelea kuipiga. Nishati haina pa kwenda, zinazaliwa molekuli za oksijeni kali, na hizo ndizo zinazoitafuna seli mpaka inakufa.

MWANAIKOLOJIA: Utafiti ule ule ulionyesha pia kwamba Peridinium ikiwa nyingi, Microcystis ndio wanaopasuka. Usiisahau nusu hiyo.

MKEMIA: Sijaisahau. Inanifaa kuliko unavyodhani, kwa sababu inaonyesha kwamba wanaoshinda ni walioanza wakiwa wengi. Lakini ngoja niimalize habari ya Kinneret. Mwaka 1994 alitokea sianobakteria ambaye hakuwahi kuonekana pale kwa wingi, Aphanizomenon ovalisporum, mwenye kutoa kemikali iitwayo silindrospemopsini. Mwaka 2010 ikachapishwa habari ambayo bado inanisisimua. Fosforasi inapokuwa adimu, majini hubaki fosforasi iliyofungwa ndani ya molekuli kubwa, na ili kuipata lazima kiumbe atoe nje kimeng'enya cha kuikata. Kutengeneza kimeng'enya ni gharama. Aphanizomenon akitoa silindrospemopsini, mwani wa jirani unaingia katika hali ya njaa hata kama haujafika hapo, unamwaga vimeng'enya vyake, fosforasi inakatwa na kuachiliwa. Anayeinyakua ni Aphanizomenon, mwenye uwezo mkubwa wa kuivuta hata ikiwa kidogo sana. Mwani hauuawi, Profesa. Unafanyizwa kazi.

Katika yote niliyosoma kuhusu viumbe hawa, hili ndilo lililonifanya niache kuuliza swali kwa namna ya zamani. Tumezoea kuuliza kama kemikali inaua au haiui, kana kwamba hayo ndiyo mambo mawili pekee yanayoweza kutokea kati ya seli na seli. Mwani wa utafiti ule ulitumia akiba yake kumhudumia mwingine. Mtafiti anayehesabu maiti tu asingeona kitu.

MWANAIKOLOJIA: Habari nzuri, na naiamini. Lakini nikurudishe nyumbani, maana hoja yako inataja Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jack Talling alipima maji ya ziwa hili upande wa Jinja. Diatomu iliyotamalaki ilikuwa Aulacoseira, ambayo zamani tuliiita Melosira, nzito, yenye gamba nene la silika. Ngege alikula diatomu hizo, na ngege ndiye aliyekuwa samaki wa mezani katika nyumba nyingi. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 Aulacoseira ilikuwa imetoweka karibu yote. Mahali pake wakaja sianobakteria na diatomu nyembamba iitwayo Nitzschia. Silika iliyoyeyuka katika maji ya juu ilikuwa imepungua kufikia kama sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa.

MVUVI: Silika ndiyo nini, Profesa?

MWANAIKOLOJIA: Ni kile kinachotengeneza mchanga na vioo, mzee. Diatomu hujengea gamba lake. Sasa sikiliza mtiririko wenyewe. Misitu ilikatwa, mashamba yakaongezeka, miji ikakua, udongo na maji machafu vikaingia ziwani. Vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vikaleta fosforasi nyingine kupitia hewani, na nyingi kweli. Kwanza diatomu zilinufaika. Zikaongezeka, zikafa, zikazama na magamba yao, na silika ikazikwa chini matopeni kwa kasi kuliko mito ilivyoileta. Ilipopungua, Aulacoseira, yenye kuhitaji silika nyingi, ikashindwa. Nitzschia inahitaji kidogo, ikabaki. Fosforasi ilikuwa bado ipo, naitrojeni ikawa ndiyo haba, na wanaoweza kufunga naitrojeni ya hewani ni sianobakteria. Walipojaa walitia giza kila kilicho chini yao, maana wana vifuko vya hewa ndani ya seli vinavyowapandisha juu kwenye jua. Diatomu haina kifuko. Ikikosa wa kuikoroga inazama gizani. Nimekueleza kuanguka kwa Aulacoseira mwanzo hadi mwisho, na sikuhitaji hata tone moja la kemikali yako.

Ukumbi wa kubuni nao hunyamaza. Ushahidi huu ni mzito, umeandikwa kwenye matope ya ziwa tabaka kwa tabaka, na mtu anayesema sianobakteria "waliziua" diatomu za Victoria kwa sumu analazimika kupita hapa kwanza. Sidhani anaweza kupita. Kama hoja ni kwamba kemikali ndizo zilizoligeuza ziwa, mimi nampa ushindi mwanaikolojia.

MKEMIA: Umenieleza kwa nini ziligeuka, Profesa. Hujanieleza kwa nini hazirudi. Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki hulikoroga ziwa. Silika hupanda kutoka chini, diatomu hupata nafuu kidogo. Upepo ukiisha, zinaporomoka tena. Kivuli ni sababu moja, nakubali. Lakini chuma? Kaboni, pale pH inapopanda na kimeng'enya cha jirani kikawa kimezimwa? Fosforasi inayonyakuliwa? Utafiti wa mwaka 2005 umethibitisha kwamba Microcystis wa Ghuba ya Mwanza hutoa mikrosistini. Wenye kutengeneza hiyo hutengeneza na mengine mengi. Kemikali hizi hazikuanzisha utawala wao. Ninachosema mimi ni kwamba zinaurefusha.

Na hapo ndipo niliposimama mimi. Hoja kama ilivyoandikwa mezani imeshindwa. Hoja aliyoifikia mkemia, kwamba kemikali ni silaha ya aliyekwisha kushinda, naiona kuwa ndiyo ya kweli. Bwawa dogo la Marekani na ziwa dogo la Israeli hayatoshi kulithibitisha jambo hilo kwa ziwa kubwa kuliko nchi nyingi. Yanatosha kutukataza kulidharau. Mkazo wangu hapa una sababu, nayo inamhusu fundi wa maji kuliko wasomi wawili.

FUNDI WA MAJI: Mimi naomba mnisaidie na kesho asubuhi. Utando ukija kwenye bomba letu la kuvutia maji, watu wananiambia nimwage mrututu. Unaua mwani wote kwa siku moja, maji yanakuwa meupe, kila mtu anafurahi.

MKEMIA: Usifanye hivyo, mama. Tafadhali. Mwaka 1979 kisiwa cha Palm huko Queensland, Australia, walifanya hivyo hivyo. Bwawa la Solomon lilijaa mwani, wakamwaga mrututu. Siku chache baadaye watu 148, karibu wote watoto, waliugua ini na matumbo kiasi cha kuhitaji hospitali. Baadaye aliyefanya hayo alitambuliwa: sianobakteria Cylindrospermopsis raciborskii, na kemikali yake ni silindrospemopsini. Ni ile ile ya Kinneret. Kemikali moja inayoufanyiza mwani kazi majini ndiyo iliyowalaza watoto wale. Mrututu ulipasua seli zote kwa mara moja, na kilichokuwa ndani kikaingia kwenye mabomba.

MWANAIKOLOJIA: Na mwani mwingine uliopona mrututu ukakutana na mchanganyiko huo ukiwa peke yake. Halafu fosforasi yote iliyokuwa ndani ya seli imerudi majini, inamsubiri atakayekuwa wa kwanza kuamka. Kwa kawaida ni sianobakteria tena. Hapo, Dakta, sina ugomvi na wewe hata kidogo.

FUNDI WA MAJI: Basi nifanye nini?

MKEMIA: Shusha mdomo wa bomba, uvute maji ya chini ya utando. Usitie klorini mwanzoni, kwa sababu nayo inapasua seli. Anza na shabu, seli zigande na kuzama zikiwa nzima, uzitoe zikiwa nzima. Kama kuna kemikali iliyokwisha kuyeyuka, unga wa kaboni amilifu utainasa sehemu kubwa. Klorini iwe mwisho, na pH ikiwa chini ya 8 klorini huvunja mikrosistini vizuri. Usingoje kuona kijani ndipo upime.

FUNDI WA MAJI: Kaboni amilifu ni ghali.

MKEMIA: Najua. Ndiyo maana napigania kipimo kifike mtamboni kabla ya utando, ili mnunue inapohitajika tu.

MVUVI: Nami nina langu. Mnazungumza kana kwamba hawa sianobakteria ni wabaya tupu. Sato mbona wananenepa?

MWANAIKOLOJIA: Umesema kweli, mzee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Ziwa George, Uganda, ilionyeshwa kwamba sato humeng'enya Microcystis kwa tindikali kali ya tumbo lake. Na Dolichospermum wanapofunga naitrojeni, sehemu yake huvuja, au hutoka wanapokufa, na mwani wa jirani hulishwa nayo. Sehemu kubwa ya naitrojeni inayoingia ziwa hili hupita kwa viumbe hawa. Baadhi ya sianobakteria hutoa hata homoni zinazochochea ukuaji wa mimea. Kuna diatomu, Epithemia na Rhopalodia, zinazobeba ndani ya seli zao masalia ya sianobakteria wa kufunga naitrojeni, na haziwezi kuishi bila hao. Kiumbe yule yule anadumaza huyu na kumlisha yule, tena hata jirani mmoja anaweza kutendewa yote mawili katika majira tofauti.

MKEMIA: Na kemikali ile ile, kwa kipimo kidogo, mara nyingine huchochea ukuaji badala ya kuuzuia. Limeonekana katika majaribio mengi. Kwa hiyo ukinipa jina la kemikali bila kiasi chake na bila jina la mwani unaoguswa, hujaniambia kitu.

MWANAIKOLOJIA: Basi tulipime hapa hapa. Tuache bwawa la Linsley na Kinneret. Tuteremshe mifuko ya plastiki angavu ndani ya Ghuba ya Mwanza, iliyo wazi juu, kila mmoja na maji ya ziwa na mwani wake wa asili. Mifuko ya kwanza tuifunike kwa wavu mweusi mpaka mwanga uwe sawa na ulio chini ya utando, bila sianobakteria kuongezwa. Ya pili tuitie maji yaliyochujwa kutoka kwenye utando, yakiwa yamerudishiwa fosforasi, chuma, silika na pH. Ya tatu ipate vyote, wavu na maji yaliyochujwa. Ya nne ibaki ilivyo.

MKEMIA: Ongeza ya tano: maji ya utando yaliyochujwa ambayo hayakurudishiwa chuma. Nataka kuona kama chuma peke yake kinatosha.

MWANAIKOLOJIA: Nakubali. Na turudie majira mawili, wakati wa upepo na wakati wa utulivu. Kama mifuko ya wavu itadumaza diatomu sawasawa na mifuko yenye vyote viwili, utakubali kwamba kemikali zako hazina kazi hapa?

MKEMIA: Nitakubali kwa maandishi. Na kama ya tatu itazidi ya kwanza?

MWANAIKOLOJIA: Nitayaandika upya niliyowasomesha wanafunzi.

MVUVI: Msiweke mifuko yenu kwenye njia ya mitumbwi ya dagaa. Tukitoka usiku wa giza na taa zetu hatutaiona, tutaipasua yote. Nitawaonyesha ghuba ndogo ambako utando huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

FUNDI WA MAJI: Na mfuko mmoja uwe karibu na bomba langu. Maji ya pale ndiyo wanayokunywa watu.